Mama alikufa kwa saratani, mjomba anataka tuseme ni presha

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, naishi Mbagala na binti yangu wa miaka 10. Kwetu ni Muheza, Tanga. Mwezi ujao tunamsomea mama yetu hitima ya mwaka, na wanawake wa mtaani wameniomba, kisomo kikiisha na watu wakishakula, niseme maneno kidogo uani kuhusu marehemu. Nilikubali haraka. Sasa siku zimekaribia na sina hata sentensi moja.

Nikueleze kwanza mama alikuwa nani. Alizaliwa kambi ya mkonge. Babu alitoka Songea akaja Tanga akiwa manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mama alimaliza darasa la saba, akaolewa na baba aliyekuwa dereva wa trekta shambani, na shamba lilipodorora akaingia stendi kuuza machungwa. Ukisafiri kutoka Segera kwenda Tanga msimu wa machungwa utawaona pale Muheza wanawake wanaokimbilia madirisha ya basi na mabeseni yao. Mama alikuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa na sifa yake: akimenya chungwa, ganda linashuka kama utepe hadi mwisho bila kukatika, naye anaongea na abiria, kisu wala hakitazami. Alitusomesha wanne kwa machungwa hayo na vitumbua vya asubuhi. Tena alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana. Kaunta buku zake zipo mpaka leo: nani katoa, nani kachelewa, nani kasamehewa mwezi huu kwa sababu ana mgonjwa.

Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu, kisha akaanza kutokwa na damu tena. Akaenda kituo cha afya, wakamwambia yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, wakampa dawa. Ikarudi, wakampa nyingine. Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka na nusu, hakuna aliyempandisha kitandani akamtazama. Mimi kwenye simu naambiwa, "Tumbo tu mwanangu, limeshatulia." Nilikuja kujua siku alipokuja Dar kwenye harusi. Niliamka usiku wa manane nikamkuta bafuni anafua kanga tatu.

Hospitali ya saratani ya Ocean Road wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi, na imefika hatua ya tatu. Alipigwa mionzi wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Tulikuwa tunatoka Mbagala alfajiri kwa daladala, mjini tunamalizia kwa bajaji. Tukimaliza, mama anataka tukae kidogo kabla ya kurudi, atazame bahari. Yale majengo ya zamani ya Wajerumani yako karibu kabisa na maji, na yeye alikuwa akisema upepo wake ni ule ule wa Tanga. Alipata nafuu kama miezi sita hivi. Ugonjwa ulipomrudia, ulishika na figo. Alikufa chumbani kwangu akiwa na miaka 56. Nilikuwa nimetoka tu kumpa ile mofini ya maji ya kutuliza maumivu.

Tatizo langu la kwanza ni hili. Nikifumba macho namwona mama wa wiki zile za mwisho. Miguu imevimba, mashavu yameingia ndani, na ile harufu ambayo alikuwa akiniomba radhi kwa ajili yake kila nikimbadilisha. Cheko lake silisikii tena. Alikuwa akicheka anajipiga paja, hilo nalijua, lakini sauti yenyewe imenitoka. Ninayo rekodi yake moja kwenye simu, dakika moja na sekunde arobaini, ya kabla hajaugua, ananigombeza kwa nini sijapiga simu siku nne. Nimeshindwa kuifungua tangu azikwe.

La pili ni mjomba, kaka yake mkubwa. Siku ya maziko aliwaambia watu dada yake alikuwa na presha na tumbo, na sisi tukanyamaza kwa sababu ya msiba. Sasa ameniita akaniambia kwenye hitima nisije nikataja ule ugonjwa. Maneno yake ni haya: "Unataka watu wa Muheza waseme dada yangu alikuwa mwanamke wa ovyo?" Baba ni mtu mpole, anasema mjomba ndiye mkubwa, tumsikilize. Hata mama mdogo, mdogo wake mama, hajui ukweli mpaka leo kwa sababu yeye yuko Korogwe na habari zote alipewa na mjomba. Ana miaka 49, naye juzi alinipigia analalamika hedhi siku hizi inamjia mara mbili kwa mwezi, anasema ni utu uzima unaingia. Nilitaka kumwambia nikaogopa kuvunja neno la mjomba.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mama mwenyewe hakuuficha. Pale kwenye benchi la kusubiri mionzi alikuwa akiwauliza wanawake wametoka wapi. Kuna siku alikaa na msichana mmoja aliyemleta shangazi yake, akamwambia, "Wewe mwanangu nenda kapimwe, usiogope. Mimi nilichelewa, lakini wewe hujachelewa." Mimi niliona aibu nikageuka pembeni.

Halafu kuna sanduku la kanga zake. Mashangazi wanataka zigawiwe siku hiyo ya hitima. Sitaki kuonekana mchoyo, lakini nikifikiria sanduku tupu, roho inaniuma. Na binti yangu ananiuliza, "Bibi alikufa na nini?" Nimemjibu mara mbili kwamba alikuwa amechoka.

Nisemeje siku hiyo mama? Na nifanyeje nimkumbuke mama yangu badala ya kitanda?

Binti wa Muheza, Mbagala


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako, na akujaze wewe uliyemuuguza mpaka dakika ya mwisho.

Nitaanza na jambo uliloliandika katikati ya barua kama la kupita, kwa sababu lenyewe halisubiri hitima. Mama yako mdogo ana miaka 49 na anatokwa na damu mara mbili kwa mwezi. Mpigie simu leo. Usimtumie ujumbe wa maandishi, sikilizaneni kwa sauti. Mwambie ukweli wote wa dada yake, kuanzia zile dawa za yutiai mpaka ile hatua ya tatu. Huenda kwake ni vivimbe, huenda kweli ni umri, na mara nyingi huwa hivyo. Lakini damu isiyo na mpangilio haitibiwi kwa kukisia. Aende hospitali yenye daktari wa wanawake, aseme kwa kinywa chake, "Natokwa na damu nje ya siku zangu na dada yangu amekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi," na asikubali kuondoka na vidonge kabla hajapandishwa kitandani akatazamwa. Wakiona kitu watachukua kinyama wakakipime. Kama anaogopa kwenda peke yake, panda basi uende naye. Nguo za wateja zitasubiri.

Najua hapo unavunja neno la mjomba. Livunje. Nakwambia hivyo nikiwa mtu mzima ninayeheshimu wakubwa. Nilikuwa na dada aliyefariki kwa saratani ya titi, na kwa miaka mingi nyumbani kwetu tulikuwa tukisema alikufa kwa homa. Binti yake alipopata uvimbe wake, alikaa nao miezi tisa akiukanda kwa maji ya moto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia mama yake alianza hivyo hivyo. Yuko hai, alhamdulillah, titi moja limekatwa. Mpaka leo nikikutana naye macho yangu yanatangulia chini.

Sasa tuje kwa mjomba. Usimwone adui. Huyu ni kaka aliyekua na dada yake kambini, na alipoambiwa ugonjwa uko mahali ambapo kaka hawezi hata kupataja, alifanya alichojua: alisimama mlangoni akamkinga. Amekosea namna ya kumkinga, basi. Amebeba uvumi ambao si wake peke yake, ameukuta duniani, kwamba saratani hii huwapata wanawake wenye mambo mengi. Mweleze taratibu. Inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenzake hukutana nacho wakati fulani wa maisha yake, wanaume na wanawake, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua kama kilipita. Kwa wachache kinabaki, na kikibaki huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani; kwa aliyedhoofika kinga ya mwili huwa haraka zaidi. Mwanamke aliyeolewa hajamjua mwanamume na akakaa na mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata, na huyo mume naye asijue kama anacho wala alikitoa wapi. Kwa hiyo ugonjwa huu hausemi chochote kuhusu tabia ya dada yake, wala ya shemeji yake. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Je, wote hao ni wa ovyo?

Hesabu hiyo ya miaka iangalie na wewe, maana naona katikati ya mistari unajilaumu kwa zile simu za "tumbo tu". Kirusi hicho huenda kiliingia wewe ukiwa msichana wa shule. Ule mwaka na nusu wa yutiai ulimgharimu mama yako, sitakudanganya. Lakini deni hilo ni la waliomwona mara kwa mara na wasimtazame. Si la binti aliyeambiwa mambo yametulia.

Usiende kwa mjomba mikono mitupu na hoja tu. Nenda na baba yako, mketi, na kabla hujagusa habari ya hitima mwombe akusimulie mama yako alipokuwa mtoto. Pengine hakuna mwingine aliyebaki anayejua alikuwaje akiwa na miaka saba pale kambini, nani alimfundisha kushika kisu, alilia nini siku ya kwanza ya shule. Mwache aongee mpaka amalize, na kama akilia, mwache alie. Halafu ndipo umwambie habari ya lile benchi.

Kwa sababu lile benchi, mwanangu, ndilo jibu lako. Wewe umeniuliza kama inafaa kusema, na mama yako alishasema. Alikaa pale akiwa na maumivu, mbele ya watu asiowajua, akamwambia msichana wa watu akapimwe. Hakumwachia kaka yake wala mtoto wake kazi ya kumsemea. Mweka hazina wa kufa na kuzikana aliona mtu yuko karibu kuchelewa kama yeye, akamkumbusha. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya miaka yote mtaani kwenu na kaunta buku mkononi.

Na hapo ndipo naomba unisikilize vizuri kuhusu zile picha za kitandani. Umeniambia hukumbuki chochote ila ugonjwa. Irudie barua yako. Umeniandikia ganda la chungwa linaloshuka kama utepe, kisu kisichotazamwa, na mtu aliyesamehewa mchango kwa sababu ana mgonjwa. Vyote vimo kichwani mwako. Picha za mwisho ndizo ziko juu, na sanduku la kanga ndivyo lilivyo: doti iliyowekwa mwisho ndiyo unayokutana nayo ukifunua. Za chini zipo, ila mkono unatakiwa uzifuate. Wala usihangaike kuzitupa hizo za juu. Yule aliyekuomba radhi kwa harufu ni mama yule yule aliyekuwa akiogopa kumchosha mtu. Yule aliyetaka kukaa atazame bahari baada ya mionzi alikuwa bado anajua upepo mzuri. Miaka ya ugonjwa ni sehemu ya maisha yake, ni miwili na kitu katika miaka 56. Upe nafasi ya kiasi hicho.

Ile rekodi usiilazimishe, lakini fanya jambo moja leo hii: mpe mtu unayemwamini aihamishe kwenye simu nyingine au kadi ya kumbukumbu, ziwe nakala mbili au tatu. Simu zinaibiwa kwenye daladala kila siku. Kuisikiliza kutakuja. Siku hiyo ikija, usiwe peke yako, uwe na mmoja wa ndugu zako. Najua itaanza na ugomvi wa kwa nini hupigi simu, na nadhani hapo hapo mtacheka, na baadaye mtalia.

Kuhusu cheko lake, kama limekutoka wewe, wengine wanalo. Unaijua bila shaka habari ya Bibi Khadija. Bibi Aisha amesimulia, na imepokewa na Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja mnyama, akamkata vipande, kisha akavituma kwa marafiki wa Khadija, naye Khadija alishafariki siku nyingi. Mimi hadithi hii huwa inanigusa kila nikiikumbuka. Aliyempenda aliwatafuta watu waliokuwa wakicheka naye. Fanya hivyo hivyo. Chukua zile kaunta buku, zina majina. Chagua wanawake watano, wale wa stendi na wa kikundi, uende Muheza siku mbili tatu kabla ya shughuli, ufike kwao na chochote kidogo, sukari kilo moja inatosha. Ukikaa nao usiwaulize "mama alikuwa mtu wa namna gani", watakujibu alikuwa mcheshi na mpenda watu, na hayo husemwa kwa kila maiti. Waulize vitu vidogo. Basi likija alikuwa akiita vipi? Mvua ikinyesha machungwa hayajauzwa alifanyaje? Nani aliwahi kugombana naye, na walipatanaje? Hilo la ugomvi usiliruke, mtu hukumbukwa vizuri zaidi na yule aliyepatana naye. Andika majibu kwa maneno yao wenyewe kwenye kurasa zilizobaki wazi za kaunta buku ya mwisho.

Kanga nazo zisigawiwe kama mafungu ya dagaa. Ni mali ya mirathi, kwa hiyo warithi wote wakubaliane kwanza, baba yako akiwemo, na hilo mlimalize kabla ya siku yenyewe. Mkishakubaliana, waombe mashangazi jambo hili: usiku wa kuamkia hitima mkae wanawake watupu, sanduku lifunguliwe, kila doti itandazwe isomwe jina lake, na anayejua habari yake aiseme. Wewe ni fundi, unajua mwanamke wa pwani hanunui kanga kwa maua peke yake, hununua maneno. Nani alikuwa akiambiwa pale mama alipoinunua ile? Aliivaa harusi ya nani? Ipi ilikuwa ya kubebea wewe mgongoni? Mtashangaa yatakayotoka. Kanga ikishasimuliwa, apewe aliyeisimulia. Na zile tatu alizozifua usiku ule bafuni, kama bado zipo, ziombe ziwe zako. Najua unazijua ni zipi.

Sasa maneno ya siku yenyewe. Dakika tano zinatosha. Anza na chungwa. Usianze na tarehe ya kuzaliwa, watu wa uani walimjua kwa chungwa. Sema babu alikuja akiwa manamba, sema watoto wanne walisoma kwa beseni lile, sema mambo mawili matatu uliyopewa na wale wanawake watano, na wataje kama wenyewe wanaridhia. Kisha sema hivi, au kwa maneno yako: "Mama yetu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Alichelewa kuijua. Alipokuwa akitibiwa aliwaambia wanawake aliokaa nao wakapimwe, na leo nayasema kwenu maneno yake kwa sababu mwenyewe hayupo." Usiongeze mahubiri. Waombe wamsomee Fatiha, ukae.

Na hapa nina ushauri wa kupeleka kwa mjomba, naona unaweza kumtuliza. Jamvini kwa wanaume, yeye mwenyewe aseme dada yake alifariki kwa saratani, neno hilo moja, asiongeze. Ni kweli tupu, na halimlazimishi kutaja asichoweza kutaja mbele ya wakwe. Uani kwa wanawake wewe utalitaja lote, kwa sababu wanaohitaji kulisikia lote ni hao. Akikataa kabisa, hata baada ya habari ya benchi? Basi mwambie kwa adabu kwamba umemsikia, na uani utasema aliyoyasema marehemu. Kati ya wosia wa mdomo wa mwenye ugonjwa na hofu ya kaka yake, mimi nipo na mwenye ugonjwa.

Kama anadhani neno hilo litamfunika dada yake, mkumbushe mwanamke mmoja wa nchi jirani, Kenya, anayejulikana na kila mtu. Profesa Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani ya ovari, na waliomtangaza hawakuficha kwamba alikuwa akipambana na saratani kwa muda mrefu. Mwanamke aliyepigania miti maisha yake yote hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo aliwekwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Waulize watu leo wanamkumbuka kwa lipi. Watakwambia miti, watakwambia bustani ya Uhuru Park aliyoikinga isijengwe, watakwambia Nobel ya mwaka 2004. Saratani wanaijua, wala haijamfunika.

Binti yako naye umwambie. Ana miaka 10, "amechoka" ni jibu la hatari kwa mtoto, ataogopa kila siku utakaporudi na kusema umechoka. Mwambie bibi alikuwa na ugonjwa unaoitwa saratani, ulikuwa tumboni kwenye mlango wa sehemu ile mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa, madaktari walijitahidi, ulikuwa umeshakua sana, na hauambukizwi kwa kula naye wala kulala naye kitanda kimoja. Halafu mpeleke kwenye chanjo ya HPV kama hajapata. Nchi nzima ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu, wakachanjwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Inatolewa shuleni na vituoni, bila malipo. Shule yake ikiwa imeshachanja siku ambayo yeye hakuwepo, ulizia kituo cha afya cha karibu.

Na wewe mwenyewe, fundi, una miaka 34. Katika barua nzima hukusema kama umepimwa, nami nimeshajijibu. Kipimo cha kawaida ni muuguzi kupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Ni dakika chache, na jibu unapewa hapo hapo. Wakiona mabadiliko ambayo hayajawa saratani, huyaondoa kwa kugandisha au kwa joto, mara nyingi siku ile ile. Nenda na mama mdogo siku mtakayoenda, mpeane moyo.

Jambo la mwisho ni dogo. Pilau ikishaliwa, matunda ya siku hiyo yawe machungwa, na muwape wale wenzake wa stendi kazi ya kuyamenya. Mwite binti yako akae karibu nao aangalie. Kama kuna mmoja anayeweza kushusha ganda lisikatike, aliona kwa nani?

Niandikie mara tu mama mdogo akishaonwa na daktari. Hiyo habari ndiyo nitakayoisubiri kwanza.